Nani Atege, Nani Ategue? Mwanafunzi na Kipindi cha Fasihi Katika Sekondari za Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Kila mwaka wanachuo wa ualimu hutawanyika mikoani kwa mazoezi ya kufundisha, na hawakosi wanaopangiwa Mtwara: Masasi, Nanyumbu, Newala, Tandahimba. Mkononi wanabeba andalio la somo lililogawanywa safu mbili, moja ya shughuli za mwalimu na nyingine ya shughuli za mwanafunzi. Safu ya pili lazima ijazwe, maana wamefundishwa kuwa mwanafunzi ndiye kitovu cha somo. Basi wanaijaza: "Wanafunzi wajadili katika vikundi." Baada ya hapo kipindi kinaendelea kama kilivyokuwa kikiendelea siku zote.

Makala hii ina nia ya kuhakiki jambo hilo. Hatutazungumzia madawati wala chati za ukutani. Tutajiuliza swali moja tu: katika kipindi cha fasihi ya Kiswahili, nani anatega kitendawili na nani anategua? Dai letu ni kwamba mwanafunzi hawi kitovu kwa kukalishwa kikundi. Anakuwa kitovu pale ushahidi wake unapokuwa na uwezo wa kubadili jibu. Kama jibu lilikuwa tayari mfukoni mwa mwalimu kabla kengele haijagongwa, basi vikundi ni mapambo.

Tumechagua Masasi na Newala kwa makusudi. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Masasi iko chini upande wa magharibi, kwenye yale majabali yake. Kijana wa huko hufika kidato cha kwanza akiwa na Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera cha nyumbani, Kiswahili cha shule ya msingi, na Kiingereza ambacho ghafla kinakuwa lugha ya masomo karibu yote. Kwa hiyo kipindi cha Kiswahili ni miongoni mwa nafasi chache alizobakiwa nazo za kusema anachokifikiri. Tena wengi wao wamepitia jando au unyago, yaani wameshafundishwa kwa nyimbo, mafumbo na maigizo kabla hawajaambiwa darasani kwamba hizo ni "tanzu za fasihi simulizi". Kama kuna mahali ambapo mwanafunzi anaingia darasani na kitu mkononi, ni hapa.

2.0 Sera nzuri, kitenzi kibaya

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ijenge akili ya kudadisi, na imwezeshe kijana kujifunza kwa wengine kisha akatae au arekebishe kulingana na mahitaji yake. Mtaala wa sekondari ulioanza kutumika mwaka 2005 ulitaka ufundishaji uelekee kwenye ujuzi na kumshirikisha mwanafunzi, badala ya kumjaza maarifa ya kukariri. Mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa Januari 2024 nayo inasisitiza umahiri. Kwa maneno ya karatasi, ugomvi ulikwisha zamani.

Lakini tazama maswali. Swali la fasihi katika shule zetu mara nyingi linaanza na usemi, kisha linakuja neno moja: "Thibitisha." Mwanafunzi atoe hoja tatu kutoka kila kitabu kati ya viwili alivyosoma. Hebu tulitazame hilo neno. Anayeambiwa athibitishe ameshahukumiwa kukubali. Kazi yake ni kutafuta mashahidi wa upande mmoja. Swali la "Hakiki usemi huu" au "Unakubaliana kwa kiasi gani?" lingemruhusu kusema ndiyo, hapana, au ndiyo lakini. Kumbe tofauti ya mwanafunzi mshiriki na mwanafunzi kasuku inaweza kukaa ndani ya kitenzi kimoja cha amri.

Linganisha na mchezo wa vitendawili ambao kila mtoto anaujua. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wenzake wanajibu "Tega!" Wakishindwa wanadaiwa mji. Wakishatoa mji, mtegaji ana wajibu wa kufungua fumbo na kueleza kwa nini jibu ni hilo. Akileta jibu lisilofanana na fumbo lake, wenzake watambishia papo hapo. Kisha zamu inahama, na aliyekuwa anategua sasa anatega. Mchezo huu una sheria, una ukali na una mshindi, ila hauna mtu mmoja anayemiliki maswali yote usiku kucha. Darasani zamu haihami. Mwalimu anatega kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuombwa mji.

Madhara yake si ya nadharia tu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa nchini walipata sifuri, hata serikali ikaamuru mwaka 2013 matokeo yale yafutwe na kupangwa upya. Hatusemi sababu ilikuwa moja. Shule za kata zilikuwa zimeongezeka haraka kuliko walimu na vitabu. Lakini ni wazi kwamba kukariri kunamsaidia zaidi mwenye cha kukariri. Aliyesoma kwa kuazima kitabu usiku mmoja, akakosa na lile desa la uchambuzi, hana pa kushika. Mtoto huyo angefundishwa kuuliza na kutafuta ushahidi, angalau angebaki na akili yake.

3.0 Kilio Chetu kikisomwa Newala

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tamthiliya ya Kilio Chetu, iliyotolewa katika miaka ya 1990 kwa jina la Medical Aid Foundation, imekaa muda mrefu katika orodha ya vitabu teule vya sekondari. Inahusu vijana wanaoingia katika mapenzi bila kuelezwa kitu, wakafikwa na mimba na UKIMWI. Wazazi nao wanavutana: wapo wanaoona mtoto aelezwe mapema, wapo wanaoona ni aibu mzazi kutamka mambo hayo.

Uchambuzi unaozunguka mashuleni tunaujua. Dhamira: elimu ya jinsia, malezi, mapenzi na UKIMWI, mila na desturi. Chini ya "mila" panaandikwa kwamba mila zinazuia wazazi kuzungumza na watoto, kwa hiyo mila hizo zimepitwa na wakati. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, wa Mbeya na wa Newala wote wanaandika hivyo hivyo na wanapata alama hizo hizo.

Sasa mpe nafasi msichana wa Newala aulize yeye. Swali lake la kwanza laweza kuwa hili: "Mila ipi hiyo?" Maana mila anayoijua yeye haikunyamaza. Ilimweka ndani, ikamwimbia, ikamcheza, ikamfundisha mambo ya mwili na ya nyumba bila kuzungusha maneno. Ni kweli mama yake mzazi hakufungua mdomo. Lakini kimya cha mama si uzembe wa malezi. Ni mgawanyo wa kazi: anyamaze mama ili aseme kungwi. Heshima kati ya mzazi na mwana inalindwa, na mafunzo yanatolewa vilevile.

Ukiliingiza jambo hilo darasani, tamthiliya yenyewe inabadilika sura. Haiwi tena hadithi ya mila inayoziba midomo. Inakuwa hadithi ya mji uliobaki na nusu ya mila: umehifadhi kimya cha mama, umempoteza kungwi. Wazazi wa tamthiliya wanashika mwiko ambao zamani ulikuwa na mwenzake, na sasa umesimama peke yake. Kwa maoni yetu usomaji huu una nguvu kuliko ule wa "mila potofu", kwa sababu unaeleza kwa nini watu wazima wenye mapenzi na watoto wao wanashindwa kusema. Usomaji huu haukuhitaji profesa. Ulihitaji mtu anayeujua unyago, aruhusiwe kuuliza.

Haya, tusikimbilie kushangilia. Mwenzake, tena msichana pia, anaweza kunyanyua mkono: "Mbona sisi tuliochezwa nasi tunapata mimba?" Ataongeza kwamba wengine wanaingizwa wakiwa wadogo mno, na kwamba waliyofundishwa ni kuwa mke, si kuwa mwanafunzi anayetaka kumaliza kidato cha nne. Huyu naye ana ushahidi. Hadi Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shule, mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa masomo katika shule za serikali. Hakuna darasa la huko lisilojua dawati lililobaki tupu. Hapo ndipo kipindi kinapokuwa kipindi. Wanafunzi wawili wanabishana juu ya kitabu kwa kutumia kitabu na maisha, na mwalimu hajui mapema nani atashinda.

Lipo sharti moja zito. Mambo ya jandoni na unyagoni ni ya siri, na darasani wamekaa wavulana na wasichana pamoja, pengine na mwalimu wa kiume kutoka mkoa mwingine. Mwalimu anayewaambia "Haya, imbeni zile nyimbo za unyago tuzichambue" hajamweka mwanafunzi katikati. Amemvua nguo. Kumweka mwanafunzi katikati ni pamoja na kumpa haki ya kunyamaza. Kinachotakiwa darasani ni maarifa ya jumla yanayosemeka hadharani: nani anafundisha, nani hafundishi, kwa nini. Maneno yenyewe ya ndani yabaki kwa wenyewe.

4.0 Funzo la jando la Kanisa

Masasi ina historia yake katika jambo hili, nayo inatuonya. Wamisheni wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, wakajenga makanisa na shule. Mmoja wao, Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, aliona kwamba kulipiga vita jando ni kazi bure. Kuanzia muongo wa 1910 yeye na wenzake, pamoja na mapadre wa Kiafrika, walitengeneza jando la Kikristo. Kambi ilibaki, tohara ilibaki, sherehe ya kutoka ilibaki. Mafunzo yasiyopatana na Kanisa yaliondolewa, yakawekwa sala na mahubiri. Upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwani unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake wenyewe. Mwanahistoria Terence Ranger aliichambua habari hii katika miaka ya 1970, na tangu hapo wengi wanaitaja kama mfano wa kuheshimu utamaduni.

Ilikuwa heshima kwa kiasi fulani, hilo tusikatae. Lakini ukiitazama kwa jicho la mwalimu, utaona jambo lingine. Umbo la mwanafunzi lilichukuliwa, likatiwa jibu la mwalimu. Ngoma ikawa ya kijana, maneno yakawa ya askofu. Tunadai kwamba ushirikishwaji mwingi unaofanyika leo mashuleni ni jando la namna hiyo. Vikundi vipo, maigizo yapo, makofi yapo, lakini mwisho wa kipindi mwalimu anageukia ubao na kuandika dhamira nne alizokuja nazo.

Wala tusiligeuze jando la asili kuwa pepo ya mwanafunzi. Lyndon Harries, ambaye alikuwa mmisheni huko huko Masasi kabla hajawa mtaalamu wa Kiswahili, aliandika mwaka 1942 juu ya nyimbo-vitendawili za jando la Wamakua. Miaka 20 baadaye, mwaka 1962, alitoa kitabu chake kinachojulikana juu ya ushairi wa Kiswahili. Wimbo-kitendawili ni fumbo linaloimbwa, na maana yake kijana anapewa na wakubwa. Hapewi nafasi ya kubishia. Kwa upande huo kungwi na mwalimu wa ubaoni ni ndugu. Tofauti ni kwamba kungwi hafundishi kwa maneno matupu: fumbo linaimbwa, linachezwa, linarudiwa mpaka limwingie mtu mwilini, na siku ya kutoka kijiji kizima kinashuhudia. Kwa hiyo tukichota jadini, tuchague. Katika jando tuchukue utendaji, katika vitendawili tuchukue zamu na deni la mji.

Mfano wa karibu wa kuchanganya hayo mawili tunao. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mpango wa Tuseme katika baadhi ya shule za sekondari nchini. Wasichana walianza kwa kutaja wenyewe matatizo yanayowakwamisha, wakayachambua, ndipo wakayatungia maigizo na ngoma mbele ya walimu na wenzao. Angalia mpangilio: swali lilitoka kwa msichana kwanza, sanaa ikafuata. Mlama na Lihamba hawakuwapelekea wasichana mchezo ulioandikwa wauigize kwa makofi.

5.0 Pingamizi na majibu

Najua mwalimu wa kata atasema: "Nyie wa chuoni mnaongea tu." Ana haki. Darasa linaweza kuwa na wanafunzi sabini na nakala tano za kitabu. Msimu wa korosho ukifika, mahudhurio yanayumba. Na mtihani unamsubiri.

Kuhusu nakala, nakala tano zinatosha vikundi vitano vyenye msomaji mmoja mwenye sauti. Tamthiliya iliandikwa isikike. Kwa Kilio Chetu twaweza kupanga vipindi vitatu. Cha kwanza, onyesho moja lisomwe kwa sauti, kisha kila mwanafunzi aandike swali moja ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Cha pili, maswali yachambuliwe, yachaguliwe matano, kila kikundi kijibu kimoja kwa ushahidi wa ukurasa na ushahidi wa maisha, na swali moja aulizwe mwalimu. Akishindwa, atoe mji kama wengine. Cha tatu, kila mtu aandike insha ya hoja tatu, kama mtihani unavyotaka, ila hoja moja iruhusiwe kupinga. Watahini wanataka hoja na mfano kutoka kitabuni, na aliyebishana darasani anavyo vyote viwili.

Kuhusu lugha, shule nyingi zinakataza "kilugha" katika eneo la shule. Katika hatua ya kujadili kikundini, katazo hilo linatunyima mengi. Mtoto wa Newala akilinganisha vanu ya Kimakonde na wandu ya Kiyao na watu ya Kiswahili, somo la ngeli limeshaanza bila chaki. Huko Masasi, ambako kikundi kimoja kinaweza kuwa na Mmakua, Myao na Mmwera, Kiswahili kitaingia chenyewe kama daraja. Wajadili kwa lugha inayowatoka, watoe taarifa kwa Kiswahili sanifu. Kutafsiri wazo lako mwenyewe mbele ya darasa ni zoezi la lugha gumu kuliko kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Pingamizi la mwisho ndilo zito: je, kila jibu la mwanafunzi ni sahihi? Hapana. Mtegaji anabishiwa pale jibu lisipofanana na fumbo. Mwanafunzi atakayedai kuwa Kilio Chetu inasifu ukimya wa wazazi arudishwe kwenye maandishi, asome tena. Mwalimu habaki mtazamaji. Anabaki mlinzi wa ushahidi, na hiyo ni kazi kubwa kuliko ya kuandika dhamira ubaoni.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kumweka mwanafunzi katikati ni suala la uhakiki kabla halijawa suala la mbinu. Anayeamini kwamba kitabu kina maana moja iliyokwisha kupatikana hawezi kufundisha kwa kushirikisha, hata umpe vikundi mia. Na imani hiyo mashuleni imetoka wapi? Sehemu yake imetoka vyuoni. Yale madesa ya "fani na maudhui" yanayonunuliwa Masasi stendi na kunakiliwa Newala huandikwa na watu waliopita katika kumbi hizi za mihadhara. Uhakiki wetu ukishuka kule kama orodha ya majibu, unakuwa ndio ule ubao wenyewe.

Ndiyo maana tunapendekeza mambo mawili kwa wanachuo wenzangu na kwa walimu wetu. Kwanza, kila uchambuzi wa kitabu teule utakaochapishwa katika kurasa hizi uishie na maswali ambayo mhakiki mwenyewe hajayajibu, ili anayeupokea shuleni apokee kazi, si chakula kilichotafunwa. Pili, wale watakaokwenda mazoezini Mtwara warudi na maswali ya wanafunzi, yaliyoandikwa kwa mikono yao, nasi tuyajadili hapa kwa uzito ule ule tunaowapa wahakiki wenye majina. Itakuwa mara ya kwanza Newala ikitega nasi tukitegua. Na tukishindwa, miji tunayo ya kutoa.